Bustani Iliyogeukia Ukuta

Binti wa dada yangu tunamwita Rula, na kwa jina hilo hakuonewa. Alipokuja kukaa kwetu, kabinti kembamba kenye magoti makubwa, nilimpa kipande cha mkate. Akakikagua upande huu, akakikagua upande ule, akaomba kisu, akakata ukingo uliopinda, ndipo akala. Mimi naoka mikate na kuiuza dirishani kwangu. Mikate hiyo huliwa na watu wazima wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuirekebisha, isipokuwa mume wangu. Nilimgeukia mume wangu nikamwambia, "Huyu mtoto ni wako, wala si wa dada yangu."

Mume wangu ni fundi wa vibao. Ukipita mjini ukasoma Duka la Dawa, Kinyozi, Tunashona Sare, mkono ni wake. Kwake yeye kila kitu huanza na mstari. Kwanza uzi wa chaki, unavutwa na kuachiwa uchape ubao. Halafu penseli. Halafu mstari mweusi wa ukingo. Rangi huja mwisho kabisa, na kazi yake ni kukaa ndani ya mstari kama mgeni mwenye adabu. "Bila mstari," husema, "hata mama yako mzazi hutamjua." Maneno hayo huyasema kwa wateja, kwa mafundi wenzake na kwa paka. Mimi nimelala nayo kitanda kimoja tangu siku niliyoolewa.

Rula aliyameza mazima. Alikulia katika karakana ile, nyuma ya jiko langu. Alianza na kupiga msasa mpaka vidole vikawa laini kama vya mtoto mchanga, akaja kujaza rangi ndani ya herufi alizochora baba yake mdogo, na sasa ni msichana mzima bado anajaza. Nguo alianika kwa kufuata urefu. Mikate yangu aliipanga dirishani mpaka wateja wakaogopa kuichukua. Nilidhani ameshapotea moja kwa moja.

Lakini nina macho. Kila alipobeba makopo kwenda kuyaosha uani, alikuwa anasimama mbele ya bustani yangu akaduwaa, rangi ikimdondokea mguuni. Na bustani yenyewe si ya kuringia. Ina nyanya, vitunguu, maboga yasiyojua mipaka, waridi moja kaidi, pipa la maji na kamba ya nguo. Hakuna kilichonyooka humo hata kamba.

"Unatazama nini?" nilimuuliza.

"Hakuna, mama mdogo. Naona tu imejaa."

Sasa nieleze desturi moja ya karakana, maana bila hiyo hamtanielewa. Kibao ambacho hakijaisha hutazama nje, ili kila mtu aone kinadai nini. Kikiisha kinageuzwa, uso ukutani, vumbi lisikiguse. Na kikishageuzwa, mtu hakichungulii tena mpaka mteja akione. Mume wangu anasema kukigeuza kibao ukakitazame mara ya pili ni kumtilia fundi shaka, na katika karakana yake hakuna fundi wa kutiliwa shaka. Utaratibu mzuri sana. Miaka yote haukuwahi kutuangusha.

Wiki hiyo mwenye bucha alitaka kibao kipya. Bwana huyu hununua hata ufagio kwa sherehe, basi kibao chake alitaka kifunikwe shuka na kufunuliwa mbele ya majirani na wakwe zake. Mume wangu akamkabidhi Rula kazi nzima, uzi mpaka rangi. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Akachora NYAMA BORA na ng'ombe mmoja aliyenyooka mgongo kama meza. Ijumaa baba yake mdogo alimpima ng'ombe yule kwa rula pande zote, akaguna, na mguno wake ni sawa na vigelegele vya watu wengine.

"Jumatatu tunakitundika," alimwambia. "Mwenye bucha akiridhika, utaanza kuweka alama yako pembeni, na brashi zitakuwa zako. Asiporidhika unarudi kwenye msasa. Kwangu hakuna katikati."

Rula hakulala kwa hamu. Nilimsikia chumbani kwake anafanya mazoezi ya alama, karatasi zinakwaruzika kama panya wamefungua ofisi.

Jumamosi mume wangu akasafiri kwenda kumwona kaka yake, akaondoka na sanduku lake la zana. Ndani yake mlikuwa na rula yake ya njano, uzi wa chaki, bikari, kila kitu. Huyo hata kwa kaka yake anakwenda na vipimo, sijui anakwenda kumpima nani. Rula akapiga msasa wa siku nzima ukaisha kabla sijatoa mikate ya asubuhi, kisha akakaa kwenye ngazi ya uani, mikono mapajani, kama abiria aliyeachwa.

"Si uchore kitu," nilimwambia.

"Rula haipo."

"Chora kitu kisichotaka rula."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue ngozi. "Hakuna kitu kama hicho, mama mdogo."

"Ile nyanya pale. Ina rula?"

Nilisema kwa utani, na nilikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. Lakini Rula aliinuka. Alikwenda karakanani, akatoka na ubao mweupe uliobaki, saizi ileile ya kibao cha bucha, maana mume wangu hukata mbao zake zote kipimo kimoja. Akaulaza kwenye pipa, akachovya brashi kwenye nyekundu, akaishika juu ya ubao. Kisha akafumba macho, akaishusha.

Lilikuwa doa moja nene la rangi. Halikuwa na ukingo, halikuwa na penseli chini yake. Akafumbua jicho moja.

"Ni nyanya," nilisema.

"Ni nyanya," alisema naye, na akaanza kucheka. Nami nikacheka, sijui kwa nini, tukacheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini. Tukamwambia nyanya. Akarudi kwake.

Kutoka hapo binti yule hakushikika. Aliimwaga kijani kwa brashi pana ya kupakia kuta. Maboga aliyaweka kwa kitambaa. Majani ya vitunguu aliyakwangua kwa mpini. Alikuwa anaruka nyuma, anakunja jicho, anarudi mbio, anapiga rangi moja, anaruka tena nyuma akakanyaga vitunguu vyangu vya kweli ili aone vizuri vile vya ubaoni. Nilipandisha mori.

"Na hizi nyanya za zambarau umeziotesha wewe? Nyanya zangu ni nyekundu."

"Njoo usimame hapa, mama mdogo. Tazama ile iliyo kivulini. Usiseme unachojua. Sema unachoona."

Nikasimama. Nikatazama nimemkasirikia. Na nyanya ile, ambayo nimeipanda kwa mkono wangu na kuimwagilia, ilikuwa ya zambarau. Nilihisi kizunguzungu kabisa. Nikatazama ukuta wa choo, ukawa waridi upande wa jua na buluu upande wa pili. Pipa la maji lilikuwa na anga ndani yake. Nilitazama mikono yangu, nikaona kijani chini ya kidole gumba. Miaka yote hii naishi na vitu hivi na hakuna mtu aliyeniambia. Nikaenda jikoni kuangalia mikate nayo ina rangi gani, nikaikuta nyeusi. Trei nzima iliungua, na nikawa nacheka peke yangu mbele ya tanuri kama mtu aliyelewa, nikiona hata huo weusi una udhurungi ndani yake.

Jumapili aliendelea. Jioni jua lilipolala juu ya maboga alikuwa bado anazunguka ubao wake, uso una madoa kama kanga.

"Hapa katikati kuna kitu hakipo," alisema.

"Basi kitafute mwenyewe," nilimwambia, nikaenda kupalilia vitunguu, vile vilivyosalimika, maana magugu hayangoji mtu amalize sanaa. Nikainama. Nilipotaka kunyanyuka akaniambia, "Usiinuke kwanza, mama mdogo. Kuna nyuki."

"Wapi?"

"Karibu na sikio. Kaa hivyohivyo."

Nikakaa hivyohivyo. Naogopa nyuki kuliko deni. Nilikaa nimeinama mpaka kiuno kikalalamika, na kila nikiuliza kama nyuki ameondoka, ananijibu bado, yuko palepale. Aliponiruhusu kuinuka, ubao ulikuwa tayari umekwisha ondolewa.

"Umeupeleka wapi? Nataka kuuona."

"Nimeuficha karakanani. Nimeugeuza ukutani. Baba mdogo anarudi usiku, akiona kitu kisicho na mstari hata mmoja, kesho hata huo msasa sitapewa."

Nilimwelewa. Nikamwomba tu alale, na kweli alilala, na madoa yake yote.

Sasa mtu mwenye akili ameshaona tatizo, lakini sisi wawili hatukuliona. Katika karakana ile, kugeuza ubao ukutani siyo kuuficha. Ni kutangaza kwamba umekwisha. Alfajiri mume wangu aliingia akakuta kibao cha saizi yake kimegeuzwa, kiko mbele kabisa, na cha bucha halisi kiko nyuma yake. Yeye alikipima kibao Ijumaa kwa mkono wake. Angekichungulia ili iweje? Akakifunga kwa shuka langu la maua, akakipakia kwenye mkokoteni, akaondoka anapiga mluzi. Sisi tulikuwa chumbani tunabishana Rula avae gauni lipi.

Tulipofika bucha, watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Wakwe walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuazima. Mwenye bucha alikuwa amevaa tai juu ya aproni. Juu kabisa, kibao kimeshapigiliwa misumari, shuka langu linaning'inia, na mume wangu yuko kwenye ngazi, kifua mbele. Alimwona Rula akamkonyeza, jambo ambalo sijawahi kuona akilifanya tangu aache ujana. Rula alinishika mkono.

Mwenye bucha akahutubia kuhusu ubora wa nyama yake na ubora wa familia aliyooa. Kisha akavuta kamba.

Shuka lilianguka. Na bustani yangu ikatokea juu ya bucha, nyanya za zambarau, maboga yanafurika, ukuta wa choo wa waridi.

Kimya kilichofuata ningeweza kukikata vipande nikakiuza dirishani. Rula alitoa sauti ndogo kama birika linaloanza kuchemka. Kisha mkwe mmoja, mama mtu mzima, akauliza kwa upole, "Kumbe mkwe wetu siku hizi anauza mboga?"

Hapo watu walikufa kwa kicheko. Mwenye bucha alifura mpaka tai ikapanda. "Fundi, mimi nauza nyama. Ng'ombe wangu yuko wapi?"

Mume wangu alikuwa amegeuza shingo, anatazama ubao ulio pua kwa pua na yeye. Sijawahi kumwona amekosa rangi vile. Alitazama chini, akamtafuta Rula kwenye umati, akampata.

"Ni kazi yako hii?"

"Ni yangu, baba mdogo. Sikuikusudia huku. Niliificha."

"Hakuna mstari."

"Hakuna."

"Brashi zako zote utaniwekea mezani." Hakupaza sauti, na ndiyo maana iliniuma. "Na nyinyi, mnisamehe. Naifuta sasa hivi."

Huwa anabeba kopo la nyeupe kwa ajili ya masahihisho. Akalifungua palepale juu ya ngazi. Rula alikuwa ameachia mkono wangu, amesimama wima kabisa, machozi yanamtiririka nayo kwa kunyooka, mstari mmoja kila shavu. Nami nilikuwa nimeanza kupasua umati nikamvute mume wangu kwa suruali, nimfundishe adabu mbele ya wakwe wa watu. Siku mbili tu zimepita tangu binti huyu aanze kucheka kwa sauti, na mtu anamfutia kwa kopo.

Mume wangu alichovya brashi pana. Akaichuja kwenye ukingo wa kopo, kwa sababu hata akiwa na hasira huchuja. Akainyanyua mpaka katikati ya ubao.

Ikabaki hewani. Tone jeupe likaanguka juu ya aproni ya mwenye bucha.

"Mke wangu," aliita, bila kugeuka. "Huyu si wewe?"

Ndipo nami nikatazama katikati. Palikuwa na kitu cha njano juu ya kitu kikubwa cha buluu, cha mviringo, kimeinama kwenye vitunguu, kimewapa watu mgongo. Kilemba changu cha njano. Gauni langu la buluu la kazini. Na sehemu zangu za nyuma, Mungu na anisamehe, zimetandazwa katikati ya mji juu ya mlango wa bucha, zimezidi maboga yote kwa ukubwa.

"Nyuki," nilimwambia Rula.

"Alikuwepo, mama mdogo," alisema, lakini alikuwa anatazama miguu yake.

Ningeweza kukasirika. Nilikuwa na haki zote. Lakini kuna kitu kilinipanda kutoka tumboni, kikanitekenya mbavu, na kabla hakijanimaliza nikawahi kuuliza swali ambalo najivunia mpaka kesho.

"Umejuaje ni mimi?"

"Nimekujua tu," alisema mume wangu.

"Uso hauonekani. Mstari hakuna. Ni rangi mbili tatu zimepakwapakwa. Umejuaje?"

Akafungua kinywa. Nilimwona anayatafuta yale maneno yake, ya mstari na mama mzazi, yote aliyowahi kumwambia mpaka paka, na nikaona yamemkimbia. Akasogeza uso karibu na ubao, halafu akaurudisha mbali, mbali zaidi, mpaka ngazi ikayumba na mkwe mmoja akaishika.

"Ulivyoinama," alisema mwishowe. "Hakuna mtu mwingine anainama hivi. Umekasirikia magugu."

Watu walipiga makofi, wengine bila kujua wanashangilia nini. Mimi nilikuwa nimekaa chini ukingoni mwa barabara, sina mbavu, machozi na unga vinaganda usoni.

Mume wangu akarudisha brashi kwenye kopo. Akashuka ngazi, akaenda mpaka alipo Rula. "Ulipima kwa nini?"

"Sikupima, baba mdogo. Nilimtazama tu."

Aliguna. Ule mguno wa Ijumaa, lakini mrefu zaidi. "Brashi ziache zilipo," alisema.

Ng'ombe wa kweli aliletwa kabla nyama haijachacha, akatundikwa, akaonekana amenyooka kama meza, na mwenye bucha akaridhika mpaka akampa Rula mkono mbele ya wakwe. Bustani tukairudisha nyumbani. Shuka lilikuwa limegandana na rangi, lina bonde zima la kijani nalilalia mpaka leo, basi ubao ukaenda wazi. Rula ameshika mbele, mume wangu ameshika nyuma, nami nafuata, natembea nyuma ya mgongo wangu mwenyewe katika barabara kuu, mchana kweupe. Kila aliyesimama kutazama, mume wangu alimwambia bila kuulizwa, "Huyo ni mke wangu." Kona ya pili Rula alianza kucheka, ubao ukaanza kutikisika, na tulifika nyumbani tumeugonga kwenye kila nguzo.

Sasa Rula anaweka alama yake pembeni mwa vibao. Imepinda kidogo, na baba yake mdogo akiiona mkono humwenda mfukoni kwenye rula, kisha huurudisha. Ng'ombe na herufi bado wanazichora kwa uzi, maana mtu anayetafuta dawa anataka kusoma Duka la Dawa, hataki kuambiwa kivuli kina rangi gani. Lakini Jumamosi ni zake, na uani kwangu sina kitu ambacho hakijachorwa isipokuwa paka, ambaye hakai.

Bustani ile imetundikwa karakanani, uso nje. Rula anasema haijaisha. Juzi ameongeza kitu karibu na pipa la maji, kijivu kidogo kilichosimama wima sana katikati ya fujo yote ile, na mkwaruzo mmoja wa njano mahali ambapo pangekuwa na mkono. Mume wangu alikuwa anapita na makopo. Akasimama. Alikaa hapo kitambo, rangi ikimdondokea mguuni, asijue.

"Huyu ni mimi," alisema.

Nilimkatia mkate, akaula na ukingo wake uliopinda.